FEDHA YA KUONYESHA NA FEDHA YA KUSOMEA

Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama na wageni wao huko Moa, Wilaya ya Mkinga



Tulipoombwa na Kamati kusema maneno katika mkutano huu, tulidhani kwanza tungesema juu ya mafao ya uzeeni, au juu ya uhamisho, kwa kuwa hayo ndiyo yasemwayo sana kila wakutanapo watumishi watatu. Walakini katika miezi hii tumeletewa khabari moja mara nyingi mno, ofisini na nyumbani, hata tukitoka kanisani au wenzetu wakitoka msikitini watu hutushika mkono. Mzazi huja na bahasha, na ndani yake mna barua ya chuo cha ng'ambo inayosema kwamba mwanawe amekubaliwa. Furaha imemjaa. Kisha atoa karatasi ya pili, na uso wake wabadilika, maana karatasi hiyo yasema: kabla ya kupewa viza, onyesha fedha. Basi leo twataka kusema juu ya karatasi hiyo ya pili.

Na tuanze na kisa kilichotupata sisi wenyewe, maana si vema kumwonya mtu juu ya shimo na kumficha kwamba sisi tulikwisha kuanguka humo.

Katika ukoo wetu yuko kijana, mzaliwa wa hapa hapa Moa. Mama yake hulima mwani, na baba yake alikuwa mvuvi hata macho yalipoishiwa nguvu. Alisoma vizuri, akamaliza Kidato cha Sita, akaandika barua zake mwenyewe bila msaada wa mtu, na chuo kimoja cha Ulaya kikamkubali. Tulikutana jamaa wote chini ya mwembe. Mjomba wake akasema atauza mashua. Shangazi zake wakasema kikoba kitavunjwa karibu, nao watatoa mafungu yao. Bibi akatoa minazi. Sisi tulikopa katika chama cha akiba na mikopo cha kazini kwetu, na wenzetu wawili waliomo humu leo walitudhamini. Fedha zote zikakusanywa na kuwekwa katika akaunti ya mjomba, kwa kuwa mjomba ndiye mkubwa wa upande ule, na ndiye aliyekuwa na akaunti. Katika siku tano akaunti ambayo tangu ifunguliwe haikupata kuona shilingi 300,000 kwa pamoja, ikawa na zaidi ya milioni 30.

Jibu lilikuja baada ya majuma matano, nalo lilikuwa la kukataa. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, mwenye akaunti si mwombaji wala si mzazi wa mwombaji. Ya pili, fedha zimeingia kwa ghafula na hapana maelezo ya zilikotoka. Tulimsomea mjomba barua ile kwa Kiswahili, polepole. Akanyamaza kitambo, kisha akasema maneno ambayo hatujayasahau: "Kwa hiyo wao waniuliza, mimi ni nani kwa mtoto huyu?"

Fedha zilirudishwa kwa kila aliyetoa. Mashua haikurudi, kwa sababu aliyeinunua alikwisha kuipaka rangi na kuipa jina jingine, na bei aliyoitaka ilikuwa imepanda. Chuo kilifungua milango yake, na nafasi ya kijana ikapita.

Twaweza kuilaumu ofisi iliyokataa, na wengi katika ukoo waliilaumu. Sisi hatuilaumu. Kanuni ilikuwa imeandikwa, na kurasa zake hazikuwa nyingi. Sisi ambao tumeketi masijala miaka kumi na miwili tukiwasomea watu kanuni za likizo, kanuni za masurufu na kanuni za usafiri, tulisoma ukurasa wa kwanza wenye kiasi cha fedha, tukaona tumekwisha kuelewa, tukafunga. Laiti tungefungua wa pili.

Ndugu zetu, swali hili la nani atamlipia aendaye ng'ambo si geni katika pwani hii, wala katika chama cha makarani. Mwaka 1922, pale Tanga, Bwana Martin Kayamba, karani, pamoja na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali katika Tanganyika. Baba yake Bwana Kayamba, Hugh Kayamba, alikuwa amepelekwa kusoma Uingereza katika miaka ya 1880, na waliompeleka ni misheni. Bwana Kayamba naye alifika London mwaka 1931, akatoa maneno yake mbele ya kamati ya Bunge, naye alikwenda kwa shughuli ya Serikali. Mtu wa siku zile aliyekwenda ng'ambo aghalabu alikuwa na mkono mkubwa nyuma yake, wa misheni au wa Serikali, na mkono ule wenyewe ulikuwa ndio uthibitisho.

Hata baadaye, mwaka 1959, ndege iliyokodiwa ilipowachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi kwenda Marekani kwa juhudi za Bwana Tom Mboya na rafiki zake wa huko, vyuo vilikuwa vimekwisha kutoa nafasi, na taabu kubwa ilikuwa nauli na matumizi. Vijijini watu walifanya karamu za chai na michango ili kumpeleka mtoto wa jirani. Mchango ule ulitosha kwa sababu wenyewe walijuana. Leo mchango ni ule ule, ila yule anayeuangalia hatujui. Hajapata kufika Moa, wala hajui kwamba mjomba ni mzazi. Ajua karatasi tu.

Sasa tuseme kanuni zenyewe, na tutakaa zaidi kwa Uingereza, kwa kuwa ndiko wengi wanakouliza, na kwa kuwa kanuni zake zimeandikwa wazi kuliko nyingi.

Mwanafunzi aombaye viza ya Uingereza yampasa aonyeshe mambo mawili: ada ya mwaka wa kwanza iliyobaki kulipwa, kama ilivyoandikwa katika hati ambayo chuo humtolea, na fedha ya kuishi. Tangu tarehe 11 Novemba 2025 fedha ya kuishi ni pauni 1,171 kwa mwezi kwa asomaye nje ya London, na pauni 1,529 kwa asomaye London, na huhesabiwa kwa miezi isiyozidi 9. Maana yake ni pauni 10,539 nje ya London, na pauni 13,761 ndani yake. Tukihesabu pauni moja kwa shilingi 3,300, kwa mfano tu, ile ya kwanza ni zaidi ya shilingi milioni 34, na ada bado. Tena kuna malipo ya matibabu, pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo, nayo hulipwa wakati wa kuomba. Hayo si ya kuonyesha, ni ya kutoa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 fedha ya kuishi ilikuwa pauni 1,136 na pauni 1,483, na kabla ya mwaka kwisha ikapanda. Kwa hiyo mtu asichukue kiasi hiki tulichokisema akakitumia mwakani bila kuangalia tena tangazo la Serikali yao. Karani mzuri huangalia tarehe ya waraka kabla ya kuusoma.

Lakini kiasi si ndicho kinachowaangusha wengi. Kinachowaangusha ni siku na jina.

Siku ni hizi. Fedha yote yapaswa kukaa katika akaunti siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya ombi kupelekwa. Katika siku hizo 28 isipungue hata siku moja, hata kwa pauni moja. Tulimsaidia bwana mmoja wa Tanga ambaye aliweka kiasi kamili, hakuzidisha hata shilingi, akajivunia hesabu yake. Siku ya 19 benki ikakata ada yake ya mwezi. Yeye hakujua hata alipoletewa taarifa ya akaunti, ikabidi kuanza kuhesabu upya kutoka siku ya kwanza, na kwa bahati muda ulikuwa bado upo.

Tena kuna jambo la thamani ya shilingi. Akaunti ikiwa ya shilingi, hugeuzwa kuwa pauni kwa kiwango cha siku ya kuomba. Aliyeweka milioni 34 na laki saba na nusu kidogo, akidhani ametimiza pauni zake 10,539, akaamka siku ya kuomba akakuta pauni imefika shilingi 3,450, amepungukiwa na pauni zaidi ya 450, wala hakuna aliyemwibia. Kwa sababu hii twawaambia wazazi waongeze sehemu moja katika kumi, na wasiigombee sehemu hiyo, maana haipotei. Ni ya mtoto kula.

Ama jina, hapa ndipo tulipoangukia. Uingereza huikubali fedha iliyo katika akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi wake, au ya mlezi wake wa kisheria, au ya mume au mke wake. Ikiwa ni ya mzazi, yatakiwa cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha jina la mzazi huyo, na barua ya mzazi kukiri kwamba huyu ni mtoto wake na kwamba amemruhusu kuitumia fedha hiyo. Mjomba hamo. Shangazi hamo, wala baba mdogo, wala kaka mkubwa aliyemlea tangu utotoni, isipokuwa awe na hati ya sheria ya ulezi. Twajua neno hili lawachoma wazee waliokaa mbele yetu, na sisi lilituchoma. Hatusemi kwamba ni haki mbele ya desturi yetu. Twasema ndivyo lilivyo. Na dawa yake ni nyepesi kuliko uchungu wake: mjomba ampe mtoto fedha hiyo kabisa, iingie katika akaunti ya mtoto kwa jina la mtoto, ikae humo. Tungalifanya hivyo, fedha ile ile, ya mashua ile ile, ingalisimama mahali pake.

Tena fedha iwe fedha, si mali. Wazee huuliza, "Je, shamba langu la minazi halihesabiwi? Nyumba yangu ya Tanga je? Ng'ombe je?" Havihesabiwi. Kanuni ya Uingereza haihesabu hata hisa, wala hati za dhamana, wala akiba ya mafao ya uzeeni, wala ombi la mkopo ambalo bado halijajibiwa, kwa sababu vyote hivyo haviwezi kutolewa kesho asubuhi vikalipa kodi ya chumba. Ikiwa mzazi ataka shamba limsomeshe mtoto, sharti kwanza aliuze au akodishe minazi yake, kisha fedha ikae. Na kuuza kwa haraka, tumeona, ni kuuza kwa hasara.

Ujerumani wana njia nyingine, nayo twaipenda kwa jambo moja. Huko mwanafunzi hufungua akaunti iliyofungwa: aweka fedha ya mwaka mzima, tangu tarehe 1 Septemba 2024 ni yuro 11,904, na akifika hupewa yuro 992 kila mwezi, wala hawezi kuzitoa zote pamoja. Njia hii haina maneno mengi juu ya mjomba. La muhimu ni kwamba fedha imeingia humo kwa jina la mwanafunzi. Lakini ni ngumu kwa masikini, kwa kuwa fedha yaondoka kweli mikononi mwa jamaa kabla viza haijapatikana, na ikikataliwa hurudishwa kwa barua na subira. Aliye na jamaa akaaye Ujerumani mwenye kipato cha kutosha aweza kutiwa sahihi ya ahadi na jamaa huyo mbele ya ofisi ya wageni ya huko, na ahadi hiyo ni nzito. Serikali ya huko yaweza kumdai aliyeitia sahihi.

Kanada walikuwa wakitaka dola zao 10,000 kwa miaka mingi. Mwaka 2024 wakafanya 20,635, na tangu tarehe 1 Septemba 2025 ni 22,895 kwa mtu mmoja, mbali na ada na nauli, na mkoa wa Quebec una hesabu yake mbali. Hutazama taarifa za benki za miezi 4 iliyopita, kwa hiyo fedha ya siku tano haifichiki. Australia walifika dola zao 29,710 mwezi wa Mei 2024. Ama Marekani, mwezi wa Desemba 2025 Rais wao alitia sahihi tangazo lililoiweka Tanzania miongoni mwa nchi ambazo raia zao huzuiliwa viza za masomo, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Kabla ya kumkusanyia mtoto michango ya kwenda huko, kwanza mtu auulize ubalozi mlango uko hali gani.

Wenye msaada wa masomo wa Serikali, au wa chuo, au wa shirika kubwa, njia yao ni fupi, maana barua ya mdhamini yasimama mahali pa fedha. Lakini barua hiyo sharti itaje ni kiasi gani, kwa muda gani, na ni kwa matumizi gani. Barua isemayo tu kwamba fulani amepewa msaada, hiyo ni salamu.

Sasa twaja kwenye neno ambalo lilitufanya tukubali kusimama hapa, nalo latuhusu sisi makarani kuliko wazazi.

Mwaka jana alitujia mtu tunayemheshimu, mwenzetu wa kazi, jioni, ofisi imekwisha kufungwa. Alitaka tumwandikie barua ya mwajiri inayotaja mshahara mara mbili ya ule autwaao. Alisema, "Ni karatasi tu. Mtoto atakwenda, mshahara wako hautapungua, wala hapana atakayeumia." Mhuri ulikuwa katika mtoto wa meza, mahali pake. Hatukusema kitu kwa muda, kwa sababu tulimfikiria yule kijana wetu na mashua, na kwa hakika moyo wetu ulielekea upande wake. Kisha tulikataa. Mpaka leo hatusalimii, na mkewe hamsalimu mke wetu, na Moa na Tanga si mahali pakubwa.

Twataka kueleza kwa nini tulikataa, kwa kuwa yeye alidhani ni woga wa kazi. Woga ulikuwapo, hatukatai: kughushi hati ni kosa la jinai, na mtumishi wa umma aliyetia mhuri wa Serikali katika uongo hana wa kumlilia. Lakini zaidi ya hayo, ofisi za viza huandika kwa benki na kwa waajiri kuuliza. Uingereza ikigundua udanganyifu katika ombi, mwombaji hufungiwa mlango miaka 10. Kanada ni miaka 5. Anayefungiwa si karani aliyeandika, wala si baba aliyeagiza. Ni mtoto wa miaka 19 ambaye huenda hakuisoma hata barua yenyewe. Afikapo miaka 29, amepata kazi nzuri na anatumwa mkutanoni, jina lake bado limo.

Nao wako watu mijini, twasikia, wakodishao fedha. Hukuwekea milioni 40 mwezi mmoja, wakatwaa ujira wao, na siku viza ikitoka huzirudisha kwao. Tuliowauliza husema, "Viza ilipatikana, basi lawama iko wapi?" Lawama tunaiona katika mwezi wa pili huko ng'ambo. Mtoto amefika, siku ni fupi, baridi ipo, na kodi ya chumba yadaiwa tarehe moja. Zile pauni 1,171 ambazo karatasi ilisema anazo, hanazo. Kanuni ya Uingereza yamruhusu mwanafunzi wa shahada kufanya kazi saa 20 tu kwa juma wakati wa masomo. Akizidisha avunja masharti ya viza. Asipozidisha halipi kodi. Apiga simu nyumbani usiku, na nyumbani hapana kitu, kwa maana fedha ile haikuwa yao hata siku moja. Ndipo tulipoanza kuona kwamba kile kiasi kinachotukera hakikuwekwa ili kututaabisha tu. Ni hesabu ya chakula na chumba ya mtu aliye mbali na mama yake, na aliyeifanya hesabu hiyo, hata kama hatupendi, hakukosea sana.

Kadhalika mkopo wa mshahara. Mkopo wa kweli, uliokwisha kupokewa, ukawekwa katika akaunti ya mzazi au ya mtoto, si uongo. Walakini mwanachama apige hesabu ya makato kwanza. Twajua sote kwamba mtumishi hatakiwi kukatwa hata abakiwe na chini ya theluthi moja ya mshahara, na twajua sote wangapi wanaishi kwa theluthi hiyo. Akikopa kwa ajili ya mwaka wa kwanza, mwaka wa pili na wa tatu atakopa wapi? Viza huuliza juu ya mwaka mmoja. Chuo kitauliza kila mwaka.

Basi yafanyweje kwa mtu wa Moa, ambaye fedha yake huja kwa msimu, kusi na kaskazi, kwa pishi na kwa kilo, wala si kwa tarehe 25 ya mwezi kama ya kwetu?

Twaona aanze mapema, mtoto akiwa Kidato cha Tano, si siku barua ya chuo inapofika. Akaunti ifunguliwe kwa jina la mtoto akiisha kufika miaka 18, na kabla ya hapo kwa jina la mzazi. Mama auzapo mwani, na amwombe mnunuzi kijikaratasi cha uzito na malipo, na fedha iende benki siku hiyo au juma hilo, hata ikiwa shilingi 20,000. Ofisa wa viza aonaye akaunti iliyopanda polepole kwa miezi 18, mwezi mmoja elfu 40, mwezi mwingine laki moja, mwezi wa mawimbi hakuna kitu, huyo amesoma maisha ya nyumba hiyo bila kuelezwa. Fedha iliyoko katika simu ihamishiwe benki. Taarifa ya simu ni nzuri kwa kumbukumbu, si ya kutegemea peke yake.

Mchango wa ukoo uandikwe. Hatusemi maneno makubwa: daftari, tarehe, jina la mtoaji, kiasi, sahihi au dole gumba, na maneno kwamba amempa mtoto fulani kwa masomo yake wala hatadai. Kikoba kikivunjwa, katibu wake atoe barua ya fungu la kila mmoja. Mashua au shamba likiuzwa, hati ya mauzo ishuhudiwe na mtendaji wa kijiji. Karatasi hizi zikiwa kwa Kiswahili, zitafsiriwe na mtu anayetambulika kwa kazi hiyo. Ofisa huenda asiziombe. Lakini akiuliza, "Milioni 4 za tarehe 12 zatoka wapi?" mtu awe na jibu lililokwisha kuandikwa tarehe 12, si lililotungwa jana.

Na majina, majina, ndugu zetu! Hapa twaomba radhi, kwa maana makosa mengi ni ya kalamu za makarani. Cheti cha kuzaliwa chasema Athumani, kitambulisho cha taifa chasema Athuman, benki yasema Othman, na cheti cha shule kina jina la babu mahali pa jina la baba. Hapa kijijini kila mtu ajua ni mtu mmoja. Huko waona watu wanne, na baba wa mtoto hajulikani ni yupi kati yao. Ikiwa cheti hakipo, kiombwe kwa RITA sasa, na ikiwa majina hayapatani, yasawazishwe kwa hati ya sheria kabla ya kuomba kitu chochote. Kazi hii yaweza kula miezi, na katika siku 28 haina nafasi.

Kamati imekubali jambo dogo, nasi twalitangaza hapa. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, karani mmoja wa chama ataketi hapa Moa tangu saa tatu asubuhi hata adhuhuri, kusoma barua za vyuo na kanuni za viza pamoja na wazazi, tangu ukurasa wa kwanza hata wa mwisho, bila malipo. Hataandika barua ya mshahara wa mtu, wala hatatia mhuri. Wenye watoto wa Kidato cha Tano na cha Sita waje na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, vitambulisho vya wazazi, na kitabu au taarifa ya benki ikiwa ipo. Ikiwa haipo, waje vivyo hivyo.

Tulikuwa tumeulizwa, kabla ya kusimama, habari za yule kijana. Yupo hapa Moa, afundisha hesabu watoto wa jirani jioni. Ameomba tena chuo kile kile, nacho kimemjibu vizuri kwa mwaka ujao. Akaunti ni yake, kwa jina lake kama lilivyo katika cheti chake, na ina miezi 14. Mjomba hana mashua sasa. Avua katika chombo cha mtu na kupewa fungu. Jumatatu iliyopita alipeleka samaki Tanga, akapitia benki, akaweka shilingi 65,000 katika akaunti ya mpwawe, na jioni akatuletea stakabadhi imekunjwa katika leso. Tukaibandika katika daftari mbele yake, akaweka dole gumba chini yake.